Saini ya Msovero: Kwa Nini Madaraka ya Nchi Hayakai Mkono Mmoja

(Mhadhara uliotolewa Magole, wilayani Kilosa, mbele ya madiwani, watendaji, walimu, wazee na vijana)

  

Ningesema tu "itifaki imezingatiwa" nikaendelea, lakini leo itifaki yenyewe ni sehemu ya somo. Tazameni meza kuu. Mwakilishi wa Mkuu wa Wilaya amekaa katikati, madiwani wako kulia kwake, na mheshimiwa hakimu amejivutia kiti pembeni kidogo. Sijui kama amefanya hivyo kwa makusudi au anakimbia jua la dirishani. Vyovyote iwavyo, amekaa mahali pake.

Nimeombwa nizungumzie namna Katiba inavyogawa madaraka ya nchi kati ya Serikali, Bunge na Mahakama, na namna inavyoyawekea mipaka. Lengo langu ni dogo. Sikuja kuwafanya wanasheria. Nataka tukitoka hapa kila mmoja ajue swali la kuuliza anapoona karatasi yenye saini moja.

Hoja yangu ya kwanza iko barabarani, mwendo mfupi kutoka hapa. Ukishuka Dumila ukashika njia ya Rudewa kuelekea Kilosa mjini unapita Msovero. Tulioshika somo la historia darasani tunalijua jina hilo kwa sababu ya Mangungo. Novemba 1884 Mjerumani Karl Peters na wenzake wachache walitoka pwani wakapita Uzigua, Nguru, Usagara na Ukami, wakiwa na karatasi zilizoandikwa tayari kwa Kijerumani. Msovero walimkuta Mangungo. Karatasi ikamtaja kuwa sultani wa Msovero katika Usagara, ikasema ametoa nchi yake na haki zake zote. Akaweka alama. Tarehe 27 Februari 1885, Berlin, Kaisari akatoa hati ya ulinzi juu ya nchi hizo, na karatasi ya Msovero ilikuwa miongoni mwa zilizotegemewa.

Watoto shuleni humcheka Mangungo, eti aliuza nchi kwa zawadi. Mimi simcheki. Mtu amewekewa lugha asiyoijua, mbele ya wageni wenye bunduki. Kinachonisumbua ni kingine: hapakuwa na mtu wa pili. Hapakuwa na baraza lililopaswa kukaa kwanza, wala mwamuzi ambaye mjukuu wa Msovero angemwendea kesho yake akasema, "Huyu hakuwa na uwezo wa kutoa alichotoa." Mkono mmoja ulitosha kuwafunga watu wote.

Sasa fungueni Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya 1977, ibara ya 63, ibara ndogo ya 3. Miongoni mwa kazi za Bunge imo kujadili na kuridhia mikataba yote inayohusu Jamhuri ya Muungano ambayo kwa masharti yake inahitaji kuridhiwa. Mimi husoma kifungu hicho kama jibu kwa Msovero. Serikali itazungumza na wageni na kuweka saini, maana hiyo ni kazi ya utendaji, lakini saini hiyo peke yake haijamaliza. Mwaka 2017 Bunge likatunga pia sheria inayoliwezesha kupitia mikataba ya maliasili na kuitaka Serikali ijadiliane upya pale penye masharti hasi. Fikirieni kama Msovero pangekuwa na kikao cha kupitia masharti hasi!

Naona mwalimu pale nyuma anatabasamu, anajua ninakoelekea. Ndiyo, nitaitaja bandari. Mkataba kati ya Tanzania na Dubai kuhusu bandari uliridhiwa na Bunge tarehe 10 Juni 2023. Wananchi waliopinga walikwenda Mahakama Kuu kule Mbeya, na tarehe 10 Agosti mwaka huohuo shauri lao likatupwa. Kuna waliofurahi na kuna waliolia. Sitaki turudie ubishi ule. Nataka mwone njia tu: karatasi ilitoka mkono wa Serikali, ikapita mkono wa Bunge, ikafika mbele ya majaji, na majaji wakaandika sababu zao ambazo mtu yeyote anaweza kuzisoma. Njia ipo. Kama kila aliyeishika karatasi aliisoma kwa macho yake au alifuata tu macho ya mwenzake, hilo ni swali jingine, na ndilo linalonileta kwenye hoja ya pili.

Hoja ya pili: ukuta wetu una milango mingi, na mingine haina komeo. Ibara ya 4 imegawa kazi vizuri kabisa: kuna vyombo vya utendaji, vyombo vya kutoa haki, na vyombo vya kutunga sheria na kusimamia shughuli za umma, viwili viwili kwa sababu ya Muungano na Zanzibar. Endelea kusoma sasa. Ibara ya 62 inasema Bunge lina sehemu mbili, Rais na wabunge. Yaani Rais, ambaye ni mkuu wa Serikali, ni sehemu ya Bunge vilevile. Ibara ya 55 inataka mawaziri wote watoke miongoni mwa wabunge. Ibara ya 66 inampa Rais nafasi ya kuteua wabunge hadi 10. Jaji Mkuu anateuliwa na Rais. Kwa hiyo anayesema mihimili yetu mitatu imetengana kabisa hajaisoma Katiba, ameisikia redioni.

Sisemi kwamba kuchanganya ni dhambi. Waingereza tuliorithi mfumo wao huketisha mawaziri bungeni, na wanaoutetea wana hoja nzuri: waziri aliye bungeni anaulizwa uso kwa uso, hana pa kujificha. Mfaransa Montesquieu, aliyeandika habari za mgawanyo wa madaraka mwaka 1748, aliwatazama Waingereza haohao akaona wametenganisha, kumbe walikuwa wamechanganya kuliko alivyodhani. Hata wasomi hupitiwa.

Lakini tuutazame mchanganyiko huo kutoka hapa Kilosa, maana wilaya yetu inaujua kwa karibu. Mheshimiwa Mustafa Mkulo alikuwa mbunge wa Kilosa, na tangu Februari 2008 akawa Waziri wa Fedha. Profesa Palamagamba Kabudi aliteuliwa na Rais kuwa mbunge Januari 2017, mwezi Machi akawa Waziri wa Katiba na Sheria, na sheria ile ya maliasili niliyoitaja ndiye aliyeipeleka bungeni. Mwaka 2020 akawa mbunge wa jimbo la Kilosa. Nawataja kwa heshima, simtuhumu mtu. Swali langu ni la mkulima wa mpunga. Bungeni waziri hasimami kumuuliza waziri mwenzake swali la asubuhi. Wote wanafungwa na msimamo mmoja wa Baraza la Mawaziri. Basi mwaka ambao mbunge wako ni waziri, nani anaiuliza Serikali kwa niaba yako, kwamba ile skimu ya umwagiliaji imefikia wapi? Mwaka 2015 majirani zetu wa jimbo la Mikumi walimpeleka bungeni Joseph Haule, Profesa Jay wa muziki, wa upinzani. Hakuwa na uwaziri wa kuogopa kuupoteza. Kumbe wilaya moja ilikuwa na sauti za namna mbili kwa vipindi tofauti, na mnaweza kulinganisha wenyewe.

Tume ya Mabadiliko ya Katiba ya Jaji Joseph Warioba ilizunguka nchi nzima, na rasimu yake ilipendekeza mawaziri wasiwe wabunge. Kenya wameshafanya hivyo kwa Katiba yao ya 2010. Ajabu ya dunia ni kwamba Profesa Kabudi huyohuyo alikuwa mjumbe wa Tume ile. Kwa maoni yangu Tume ilikuwa sahihi. Mtu mmoja asiwe anayeomba fedha na anayezipitisha.

Hoja ya tatu ni kwamba hata katika mchanganyiko huo kamba zipo, na zikivutwa zinakaza. Nitasimulia Aprili 2012, maana inatuhusu. Katiba, ibara ya 143, inamtaka Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, CAG tunayemsikia kila mwaka, akague matumizi ya umma na kumpa Rais taarifa, kisha taarifa ifikishwe bungeni. Mwaka ule taarifa ilipofika, wabunge waliwaka. Walitaka mawaziri kadhaa wawajibike. Hapo mbunge Zitto Kabwe akaitoa kamba iliyokuwa imewekwa darini: ibara ya 53A, kura ya kutokuwa na imani na Waziri Mkuu. Hoja hiyo inahitaji saini za asilimia 20 ya wabunge wote. Karatasi ikapita, na waliosaini wakazidi 70, wakiwemo wa chama tawala. Spika Anne Makinda akasema taarifa ya hoja lazima itangulie kwa siku 14, na mkutano ule wa Bunge ukaisha bila kura.

Mngefikiri mambo yameishia hapo. Tarehe 4 Mei 2012 Rais Kikwete alipangua Baraza la Mawaziri na kuwaacha nje mawaziri sita, akiwemo Waziri wa Fedha, mbunge wetu. Kura haikupigwa, lakini kule kujua kwamba inaweza kupigwa kulitosha. Tena uwaziri huo ulikuwa umemjia kwa dhoruba kama hiyohiyo: mwezi Februari 2008 Waziri Mkuu Edward Lowassa alijiuzulu baada ya Kamati Teule ya Bunge kusoma taarifa ya mkataba wa umeme wa Richmond, Baraza likaundwa upya, na ndipo Mheshimiwa Mkulo akapewa Fedha. Dhoruba moja ya Bunge ilimwingiza, nyingine ikamtoa. Ukitaka kumweleza mtoto maana ya Bunge kuisimamia Serikali, mwanzie na mbunge wa Kilosa.

Kamba nyingine nazipitia haraka. Bunge linaweza kumshtaki na kumwondoa Rais kwa ibara ya 46A, jambo ambalo halijawahi kutokea. Rais anaweza kuukataa muswada. Bunge likiurudisha kwa theluthi mbili, atausaini au alivunje Bunge. Na Bunge likikataa bajeti, Rais anaweza kulivunja. Angalieni hapo kamba inavyovuta pande zote mbili: mbunge anayetaka kuikataa bajeti anajua kesho anaweza kuwa anarudi huku kuomba kura kabla ya wakati, gharama juu yake. Ndiyo maana bajeti hazikataliwi. Na kamba huwa zinagombana zenyewe kwa zenyewe, kama mwaka 2019 Bunge lilipopitisha azimio la kutofanya kazi na CAG, Profesa Mussa Assad, kwa sababu alisema Bunge ni dhaifu. Mkaguzi na anayesomewa ukaguzi walipogombana, aliyepumua ni mkaguliwa.

Kabla sijaendelea, nisije nikaeleweka vibaya. Januari 2014 mafuriko ya mto Mkundi yalipolichukua daraja na kuingia majumbani mwetu, hakuna aliyetaka muswada usomwe mara ya kwanza na ya pili. Tulitaka mahema, chakula na njia ya kuvuka, na tulitaka siku hiyohiyo. Kufanya haraka ndiyo kazi ya Serikali, na Katiba inayoifunga Serikali miguu yote miwili ni Katiba mbovu. Mipaka huja baada ya maji kupungua: nani alipewa nini, kwa bei gani, risiti ziko wapi.

Hoja ya nne, Mahakama. Mheshimiwa hakimu atanisahihisha. Tangu haki za binadamu ziingizwe kwenye Katiba mwaka 1984, na kuanza kudaiwa mahakamani 1988, majaji wetu wamewahi kuiambia Serikali "hapana" zaidi ya mara moja. Mwaka 2002 Mahakama ya Rufani ilifuta sharti lililomtaka mlalamikaji wa kesi ya uchaguzi aweke dhamana ya shilingi milioni 5 kabla ya kusikilizwa, katika shauri la Ndyanabo. Haki isiyofunguka mpaka uweke milioni tano ingekuwa haki ya wenye nazo.

Lakini Mahakama nayo ina mahali inapofikia ukuta. Mchungaji Christopher Mtikila alidai mgombea binafsi aruhusiwe. Alishinda Mahakama Kuu miaka ya 1990, Bunge likabadili Katiba kulizuia hilo. Akashinda tena 2006. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikasema hilo ni suala la kisiasa, liamuliwe na Bunge. Mwaka 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, inayokaa Arusha, ikampa ushindi. Mtikila alifariki 2015, na kwenye karatasi ya kura mgombea binafsi bado hayumo. Kisha kuna ibara ya 41(7), inayozuia mahakama yoyote kuchunguza uchaguzi wa Rais baada ya Tume ya Uchaguzi kumtangaza mshindi. Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu ya Kenya ilifuta uchaguzi wa Rais na kuamuru urudiwe. Kwetu jaji akitaka kufanya hivyo Katiba yenyewe imemshika mkono. Nani ananufaika na mkono huo kushikwa? Najiuliza tu kwa sauti.

Hoja ya tano ndiyo iliyonileta Magole. Mihimili hii haiko Dodoma na Dar es Salaam peke yake. Kijijini mkutano mkuu, yaani kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea, ndio wenye sauti ya juu. Halmashauri ya kijiji, watu 15 hadi 25, inatenda. Baraza la ardhi la kijiji, watu saba, watatu kati yao wanawake, linasuluhisha. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inakataza halmashauri kugawa ardhi kabla mkutano mkuu haujaridhia. Mnaisikia Msovero hapo? Mwenyekiti na mtendaji hawawezi kuwa Mangungo, hata wakitaka.

Wanaweza kujaribu, hata hivyo. Miaka kadhaa iliyopita nililetewa mgogoro wa shamba katika kijiji ambacho sitakitaja, si cha kata hii, msianze kutazamana. Mwekezaji alikuwa na muhtasari wa mkutano mkuu, mhuri uko sawa, majina ya mahudhurio zaidi ya mia. Nikaomba daftari lenyewe badala ya nakala. Majina yote yalikuwa kwa kalamu moja ya bluu na mwandiko mmoja, ile "a" yenye mkia mrefu ikijirudia ukurasa hadi ukurasa. Mzee niliyekuwa naye alipitisha kidole taratibu, akafika katikati akasimama. "Huyu ni marehemu kaka yangu," akasema. "Tulimzika masika ya mwaka juzi." Kaka yake alikuwa ameridhia shamba kugawiwa, na sahihi yake imeandikwa.

Upande wa wilaya nako kuna jambo la kulijua. Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997 inampa Mkuu wa Wilaya uwezo wa kuamuru mtu akamatwe pale anapoona amani inahatarishwa, kwa muda usiozidi saa 48. Vijana wengi wanadhani ni uwezo usio na mwisho. Una mwisho: sababu ziandikwe, mtu afikishwe kwa hakimu, na saa 48 zikipita bila kufikishwa aachiwe, wala asikamatwe tena kwa sababu ileile. Mtendaji ameazimwa kipande kidogo cha kazi ya hakimu, na sheria imemtaka akirudishe. Mwakilishi wa Mkuu wa Wilaya anaitikia kwa kichwa, namshukuru.

Na tusijidanganye kwamba haya ni mambo ya karatasi. Desemba 2000, Rudewa Mbuyuni, watu 38 waliuawa katika mgogoro wa wakulima na wafugaji. Watu wakikosa kuamini kwamba kuna mwamuzi asiye wa upande wowote, kila mmoja hujiteua kuwa mwamuzi.

Ndugu zangu, mchakato wa Katiba mpya ulisimama baada ya Katiba Inayopendekezwa kupitishwa Oktoba 2014, na kura ya maoni iliyopangwa Aprili 2015 haikufanyika. Utarudi tu, iwe mwakani au baadaye. Utakaporudi, wataulizwa watu wa Magole pia, na nawaomba msijibu "tunataka maji na barabara" mkaishia hapo. Semeni kama waziri awe mbunge. Semeni kama Rais ateue wabunge. Semeni kama uchaguzi wa Rais uhojiwe mahakamani. Na kabla ya hapo, mkutano mkuu wa kijiji hutakiwa kukaa kila baada ya miezi mitatu: hudhurieni, ulizeni mapato na matumizi, ombeni daftari lenyewe na msikubali nakala.

Kuhusu daftari, nimemwona kijana mmoja safu ya tatu, wakati nikiongea, akiandika majina manne kwa mkupuo kwenye mahudhurio ya leo. Najua ni ya rafiki zake walioko kijiweni. Naomba akate matatu kati ya hayo, kisha daftari lirudi mwanzo lizunguke tena, kila aliyemo humu aandike jina lake kwa mkono wake. Tutasubiri.